Nguzo ya Biskuti na Jenerali

Jumamosi, Julai, baridi ya kukunja vidole. Jua halijaonekana wiki nzima na nguo nilizoanika Jumatano bado zinanuka unyevu. Lakini moyo wangu jioni hii umetulia, na nataka kuandika kabla haujabadilisha nia.

Kwa mgeni wa blogu hii: naishi Mutuini, kwenye kishamba cha baba yangu, mimi na binti yangu Shiru wa miaka sita. Siku za kazi niko mapokezi katika kliniki moja ya meno kule Westlands. Na tangu nikiwa darasa la saba, nyuma ya nyumba yetu waliishi farasi wawili wadogo, Biskuti na Jenerali. Wadogo kweli, wa kumfikia mtu kiunoni ukiwapima mgongoni. Jenerali alikufa mwaka juzi. Biskuti akamfuata mwaka jana wakati wa mvua ndefu.

Leo banda lao limebomolewa.

Nimeiogopa siku hii tangu Pasaka, siku ambayo kaka yangu Karanja alikaa sebuleni na kueleza mpango wake. Pale kwenye banda patajengwa vyumba viwili vya kupangisha, na Baba apate chochote kila mwezi bila kumwomba mtu. Mpango si mbaya. Karanja si mtu mbaya pia, ana haraka tu tangu azaliwe. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akapuliza chai yake, akasema, "Sawa."

Anayemjua Baba anajua kwamba "sawa" yake si moja. Kuna sawa ya kukubali na sawa ya kutaka umwache apumzike. Ile ya Pasaka sikuielewa, na ndiyo iliyoninyima raha miezi hii yote.

Maana tangu tumzike Biskuti, Baba hakuwa amevuka tangi la maji kwenda nyuma ya nyumba. Kiti chake cha plastiki, kilichokaa bandani karibu mwaka mzima, alikileta mbele na kukielekeza barabarani. Anakaa pale asubuhi akitazama bodaboda zikipita. Akiulizwa anaangalia nini, anasema anaangalia watu wasivyojua kuendesha. Alikuwa dereva maisha yake yote, kwa hiyo jibu hilo linakubalika. Lakini mimi ni mtoto wake. Nimeona chakula kikirudi jikoni nusu. Nimeona mtu aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo akikaa kitandani mpaka chai ipoe. Hofu yangu ilikuwa hii, na naiandika wazi: banda likienda, Baba naye ataanza kwenda.

Kulikuwa na jambo la pili, dogo, ambalo sikumwambia mtu. Nilitaka nguzo.

Nitaifikia nguzo. Kwanza niseme walivyokuja.

Baba aliendesha gari la familia moja ya Kitisuru, watu wema wenye bustani ambayo ungeweza kupotea ndani yake. Waliwanunulia watoto wao farasi hao wawili. Kisha kazi ikawahamisha nchi, wakauza magari, wakagawa mbwa, na farasi wakampa Baba. Alifika nao nyumbani jioni moja nyuma ya pikapu ya kukodi, wamefungwa kamba na kufunikwa blanketi la maua kama wagonjwa. Mutuini nzima ilitoka. Biskuti alikuwa wa rangi ya jina lake. Jenerali alikuwa mweusi, nywele zimemfunika macho, na kabla hajateremshwa vizuri alikuwa ameshauma kofia ya jirani.

Mama yangu alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Akawatazama, akamtazama mumewe.

"Baba Karanja," akasema, "hawa ni wachanga. Mama yao yuko wapi?"

Hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Farasi tuliowajua sisi ni wale wa polisi, warefu, ambao ukisimama karibu nao unaona magoti tu. Nani angetuambia kwamba kuna farasi anayezaliwa mdogo, akaishi mdogo na kuzeeka vivyo hivyo? Sisi ni watu wa ng'ombe na mbuzi. Kwetu mnyama mfupi ni ndama, na ndama kazi yake ni kukua.

Basi tukawangoja wakue.

Mama aliichukua kazi hiyo kama wito. Aliwapikia uji. Aliwawekea molasi kwenye nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, akaulizia dawa ya minyoo mpaka sokoni Dagoretti. Wanawake wa chama chake walikuwa wakipita Jumapili kuwakagua, na kila mmoja alikuja na ushauri wake. Mmoja alisema ni baridi. Mwingine, Mama Kevo, ambaye mpaka leo ni jirani yetu na ulimi wake haujapungua makali, alisema tunawanyima chakula na tuone aibu. Mama aliumia siku hiyo. Aliwatangazia wote kwamba wakikua atawafunga mkokoteni, awe anapeleka maziwa kwa gari la farasi wawili, na Mama Kevo ataomba lifti.

Na ndipo ikaanza desturi ya kuwapima. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya kanisa, kabla ya kuvua nguo nzuri. Katikati ya banda kulikuwa na nguzo nene ya mwerezi iliyoshika paa. Farasi analetwa, anasimamishwa nayo bega kwa bega. Mama anamshika kichwa kwa mikono miwili, kidevu juu, kwa sababu Jenerali akiachwa huinamisha shingo kutafuta cha kutafuna na kipimo kinaharibika. Baba anaweka kipande cha ubao utosini, katikati ya masikio, mpaka kiguse nguzo. Anakwaruza kwa msumari. Kisha anapaka chaki juu ya mkwaruzo ili sisi watoto tuone.

Mimi na Karanja tulikuwa tunaruka na kusukumana. "Amekua? Baba, amekua?"

Baba alikuwa anainama, anakaza macho, anakaa kimya muda wa kututesa. "Kidogo," anasema.

Hakukuwa na kidogo. Mikwaruzo yote ilianguka mahali pamoja, mwezi baada ya mwezi, mpaka nguzo ikawa na mistari miwili iliyozama, wa Jenerali juu ya wa Biskuti kwa upana wa kidole. Ukipitisha kidole pale kinaingia.

Sikumbuki siku niliyotambua kwamba hawatakua. Haikuwa siku moja. Nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikarudi likizo moja nikawaona ndevu zimewaota mvi, na nikajua tu, bila kuambiwa. Nilidhani wazazi wangu bado wanangoja. Niliwaonea huruma kidogo, ile huruma ya mtu aliyetoka chuo. Jumapili zikifika niliwaacha wapime, sikuwavunja moyo.

Mama alipofariki, Baba aliacha kupima. Nilifikiri amekata tamaa na urefu wao.

Na hawa wanyama walitupa raha, jamani. Kuna mwaka mama mmoja wa Kitisuru, aliyemfahamu Baba kutoka kazi yake ya zamani, aliwaomba kwa sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wake. Tuliwaosha kwa shampuu yangu, nikamsuka Biskuti nywele za shingoni. Jenerali alivumilia watoto saa nzima akiwa mpole kama katekista. Wakaja kuimba. Wote wakafumba macho kuombea keki, na walipofumbua, upande mmoja wa keki haukuwepo na Jenerali alikuwa na krimu mpaka kwenye nyusi. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mtoto mwenye keki alicheka mpaka akakaa chini, na mpaka leo nikipita Kitisuru naikumbuka ile nyasi na kile kicheko.

Na kuna Krismasi ambayo kanisa letu liliwahitaji kwa igizo. Punda halisi wa Mutuini wote walikuwa kazini wakibeba maji, kwa hiyo Biskuti akapewa nafasi ya punda wa Maria. Alitembea vizuri kutoka mlangoni mpaka katikati ya madhabahu na viti. Hapo akalala. Hakuanguka, alilala tu, akakunja miguu kwa adabu, Maria akabaki amesimama juu yake na mto wake tumboni. Yusufu akavuta kamba. Malaika wakashuka kusaidia. Mchungaji alingoja, akangoja tena, kisha akatangaza kwamba Yesu mwaka huo angezaliwa hapo hapo alipo. Mama alicheka na leso mdomoni mpaka mwisho wa ibada.

Jenerali alikufa kwa uzee, na kwa namna yake, bila kuomba ruhusa. Alitoka asubuhi kulala kwenye jua, na mchana Baba alipompelekea maji hakuinua kichwa. Biskuti baada ya hapo alikataa kula, mpaka Baba alipohamishia kiti chake bandani na kuanza kunywa chai yake humo. Wakanywa chai pamoja karibu mwaka mzima, mmoja kwenye kikombe na mwingine kwenye sufuria. Kisha Biskuti naye akaenda.

Tuliwazika wenyewe, mwisho wa shamba, kando ya nepia. Watu walikuja kuchungulia. Kulikuwa na wale wa kuuliza kwa mzaha nyama inaelekea hoteli gani, na Baba aliwajibu kwamba wakiona amewauzia supu ya Jenerali wajue itawapiga teke. Nepia ya sehemu hiyo sasa imestawi kupita zote. Ng'ombe wa Mama Kevo ndio wanaoila, na yeye anasema wameanza kuwa na kiburi.

Basi, leo.

Mafundi walikuwa waje saa nane mchana. Nilipanga hivyo makusudi na fundi mwenyewe, kwa sababu Jumamosi natoka kazini saa sita. Nilitaka niwe nimesimama pale. Nilitaka niitoe nguzo kwa mikono yangu kabla mtu hajaipiga shoka, na nilitaka kumtazama Baba usoni.

Asubuhi kliniki ilikuwa na watoto wengi. Nina mbinu yangu kwa wanaolia. Nina picha ya Biskuti na Jenerali kwenye simu, wamevaa kofia za sherehe, na mtoto akifungua mdomo kwa daktari bila kupiga kelele namwonyesha ya pili, ambayo Jenerali ameila kofia ya mwenzake. Leo alikuja kijana mdogo wa miaka mitano na bibi yake, mama wa Kipwani aliyevaa buibui, mtulivu, sauti yake ya kupoza chumba. Mtoto akanyamaza mara moja kuona farasi. Bibi akasogeza miwani akatazama.

"Mashaallah. Wachanga hawa?"

"Hapana bibi, ni wazima. Ndio urefu wao."

"Basi ndivyo walivyoandikiwa," akasema, akatabasamu. "Na wako wapi sasa?"

Nikamwambia wamekufa. Alinipa pole ile kamili, kama ya aliyefiwa na mtu, akauliza na majina yao. Nilipomtajia, akayarudia polepole. Sijui kwa nini hilo lilinigusa. Labda kwa sababu mwaka mzima watu wameniambia "pole, lakini ni farasi tu." Nilienda kwenye chumba cha vifaa nikajifanya natafuta glavu.

Nilifika nyumbani saa saba na nusu. Kutoka langoni nikaona mbingu mahali ambapo hapakuwa na mbingu.

Paa halikuwepo. Kuta hazikuwepo. Mabati yalikuwa yamepangwa vizuri kwenye ukuta wa nyumba, na fundi alikuwa amekaa juu ya tofali anakula mkate na soda.

"Si tuliongea saa nane?" nikamuuliza.

"Nilikuja mapema nikuulize kama naweza anza, madam, nikapata umetoka. Lakini mzee akasema tuanze. Yeye mwenyewe ndiye alitoa bati ya kwanza."

"Mzee gani?"

"Mzee wa hapa. Babako."

Sikuamini. "Na ile nguzo ya katikati?"

"Mbao zote zimebebwa na ule mama wa hapo chini. Mzee alimwambia achukue za kuni."

Sikumsubiri amalize soda. Nilishuka kwa Mama Kevo na viatu vyangu vya ofisini kwenye tope la Julai. Rundo lilikuwa nyuma ya jiko lake, na sehemu yake ilikuwa imeshapasuliwa. Nikaanza kulivuruga bila hata salamu, kitu ambacho sijalelewa kufanya. Nilipindua mbao, nikavuta nguzo hii na ile, nikapapasa kila mti nikitafuta mistari miwili. Mama Kevo alitoka na kisu cha jikoni, akasimama mkono mmoja kiunoni.

"Kwani wewe Nyambura umekuwa mwizi wa kuni mchana?"

"Natafuta nguzo, Mama Kevo. Nene. Ya mwerezi. Ile ya kupimia."

Nilikuwa nimeanza kulia. Akaweka kisu chini, akainama, na tukalipekua rundo lote pamoja, yeye na magoti yake mabaya. Haikuwepo. Akatazama zile zilizopasuliwa, mimi nikatazama. Mwisho akanishika mkono.

"Hata mimi nilikuwa nakuja kuangalia kama wamekua," akasema. "Wee, mama yako alikuwa amenikasirikia. Enda nyumbani mtoto. Muulize baba yako."

Nilipanda nikiwa nimeshakata tamaa. Nilikuwa najiambia ni mti tu, na kwamba mtu mzima hulilia vitu vingine.

Nilipozunguka upande wa jikoni, upande wa pili wa tangi, nikawakuta.

Baba alikuwa amepiga magoti. Mkono wake ulikuwa ndani ya shimo, akishindilia udongo na mawe kwa mpini wa jembe. Shiru alikuwa ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili ili isimame wima, ulimi nje kwa bidii, gauni lake limekuwa la rangi ya udongo. Blanketi la maua, lile lile la pikapu, lilikuwa limekunjwa kwenye kiti cha plastiki. Kumbe nguzo ilikuwa nyuma ya tangi tangu asubuhi imefunikwa nalo. Ndiyo aliyoitoa kwanza paa liliposhuka, kabla ya kumwita Mama Kevo.

"Mum, usiguse, haijakauka," Shiru akaniambia, akimwonyesha babu yake kwa kidevu. "Guka anasema nishike straight."

Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni.

Baba hakunitazama mara moja. Alimaliza kushindilia, akatikisa nguzo, ikakataa kutikisika, akaridhika. "Viatu vyako vimeharibika," akasema.

"Nilidhani umeipeana kuni."

"Hii?" Akaipangusa kwa kiganja, mahali pa mistari. "Hii ni ya nyumba. Zile zingine ni mbao."

Nilitaka kumuuliza mambo mengi, kuhusu banda, na vile vyakula vilivyorudi, na kile kiti cha barabarani. Nikauliza lile lililokuwa karibu na ulimi.

"Baba, ulijua lini kwamba hawatakua?"

Akaketi juu ya blanketi, akanyoosha goti. "Ule mwaka wa pili. Daktari wa mifugo alikuja akaangalia meno. Akasema hawa ni watu wazima, wamemaliza."

Mwaka wa pili. Nikiwa darasa la nane. Nikahesabu Jumapili zilizofuata na nikashindwa.

"Na hukumwambia Mum?"

"Mama yako?" Baba akacheka, kicheko kifupi cha puani ambacho sijakisikia tangu mvua za mwaka jana. "Yeye ndiye alimwita daktari. Alisema nisiseme kwa Mama Kevo, hiyo tu."

Miaka yote hiyo nimewahurumia watu wawili waliokuwa wanajua zaidi yangu.

"Sasa mlikuwa mnapima nini?"

Akafikiri. Si mtu wa maneno, na nilimwona akiyatafuta. "Yeye alipenda kuwashika kichwa," akasema. "Na mimi nilipenda kumwona akiwashika. Na nyinyi mlikuwa mnakuja mbio, kila mwezi mnakuja warefu kidogo." Akakung'uta udongo magotini. "Bila yeye ningepima aje? Jenerali angeinama."

Niliangalia pembeni. Yeye pia aliangalia pembeni. Familia yetu hulia hivyo, kila mtu na upande wake.

Shiru hakuwa na habari na huzuni ya mtu. Alikuwa amesimama na mgongo kwenye nguzo, visigino pamoja, kidevu juu. "Guka, mimi. Nipime mimi."

Sasa, kwetu jina halipotei. Kwa kuwa namlea peke yangu, jina la mtoto lilitoka upande wetu, na Shiru kirefu chake ni Wanjiru, jina la mama yangu. Baba tangu amshike mara ya kwanza anamwita "mke wangu." Anamsalimia hivyo asubuhi, anamlalamikia hivyo kuhusu chumvi kwenye chakula ambacho nimepika mimi. Ni utani wa kila babu wa kwetu. Lakini leo alipoinuka na kumwendea, akamwambia, "Haya mke wangu, simama vizuri," nilisikia kitu kingine kwenye sauti yake, na sikukiogopa.

Akaomba ubao. Nikampa ule wa kukatia mboga. Akauweka utosini kwa Shiru, akausogeza mpaka ukagusa mwerezi. Akatoa msumari mfukoni. Alikuwa nao mfukoni tayari. Akakwaruza.

Shiru akatoka mbio kuangalia. Mkwaruzo mpya, mweupe, mbichi, ulikuwa juu ya mstari wa Biskuti. Ulikuwa juu ya mstari wa Jenerali pia, kwa upana wa kidole.

"Nimekua? Guka, nimekua?"

Baba akainama, akakaza macho, akakaa kimya muda wa kutesa.

"Kidogo," akasema. "Umewapita."

Shiru alipiga kelele za kuamsha kijiji. Akashuka mpaka kwenye nepia kuwaambia wenyewe. Nilimsikia kutoka jikoni akiwaeleza kwa sauti ya mwalimu kwamba sasa yeye ndiye mrefu, lakini wasijali.

Na Baba akamfuata. Alipita tangi la maji. Akapita pale palipokuwa na banda, akamwambia fundi neno nikamwona fundi akicheka, akaenda mpaka mwisho wa shamba akasimama na mjukuu wake, mikono nyuma. Nilikuwa namenya viazi. Nilivimenya vingi kuliko tulivyohitaji kwa sababu sikutaka kuondoka dirishani.

Jioni amekula sahani yote. Ameongeza. Karanja amepiga simu kuuliza kama mzee ameumia na banda, nikamwambia sahani ya mzee imerudi jikoni tupu. Hakuelewa. Nitamweleza akija kesho.

Kwa hiyo sawa ya Pasaka ilikuwa sawa ya kweli. Hakutaka kuishi na banda tupu, na mimi ndiye nilikuwa namlindia. Huenda angelibomoa mapema kama sisi tusingekuwa tunamtembelea kwa nyuso za msiba.

Sasa hivi namsikia sebuleni na Shiru wanapanga. Kesho si Jumapili ya kwanza ya mwezi lakini wamekubaliana kwamba haijalishi. Baada ya kanisa, kabla ya kuvua nguo nzuri, tutapimwa sote kwenye nguzo ya jikoni. Karanja pia, atake asitake. Mama Kevo amealikwa aje ahakikishe hakuna udanganyifu. Mimi nimeagizwa chaki.

Baba naye atapimwa. Ameniambia kwa sauti ya chini anaogopa amepungua, na kwamba siku hizi shingo yake haikai wima.

Shiru amemwambia asiwe na wasiwasi, yeye ndiye atamshika kichwa.